Shina Halilevyi

Mimi sijawahi kuvuta bangi hata siku moja, na bado bangi ndiyo iliyonimaliza. Nalisema hili mwanzo kabisa ili mtu asije akanikodolea macho. Huku kwetu milimani tunapanda ile ya nyuzi, ndugu yake ile ya kulevya. Sura moja, jani moja, hata harufu wanaazimana. Tunaipanda imebanana ili irefuke bila matawi, tunaikata kabla haijatoa maua, tunaichuna ganda, tunalichana kwa ukucha na kuunga kipande kwa kipande mpaka uzi upatikane. Uzi huo ndio nguo ya maiti. Mtu wa kabila letu, Mhmong, akizikwa bila uzi huo, wazee waliotangulia hawamtambui. Anafika kwao anabisha hodi, wanamwuliza, wewe nani?

Mama mkwe wangu, Blia, alikuwa na jora lake. Alilifuma mwenyewe akiwa bado na nguvu zake, akaliweka kikapuni juu ya dari pamoja na uzi wa viatu, maana viatu navyo ni lazima viwe vya uzi huohuo. Njia ya wafu inapita mlima wa viwavi, na nyayo tupu hazipiti pale. Basi jora likakaa juu linanuka moshi wa jikoni, mama ana amani zake. Kisha Nhia, mwanawe wa pekee wa kiume, mume wangu mimi, akagongwa na lori la kabichi kwenye kona ya chini.

Kijana hana nguo ya maiti. Nani anamfumia kijana? Mama alipanda ngazi mwenyewe akashusha kikapu. Ukoo ukamwambia afikiri kwanza. Akasema, "Nifikiri nini? Aende nalo. Mimi nitapata jingine."

Hakupata. Wakati ule kupanda ilikuwa marufuku, ukionekana na miche nyuma ya nyumba unaulizwa maswali. Nilimnunulia kitambaa sokoni mjini, muuzaji akaniapia kwa mama yake kuwa ni chenyewe. Mama alichomoa uzi mmoja akausogeza kwenye moto. Ukayeyuka, ukanuka plastiki.

"Hiki," akasema, "ni cha kumzikia mwanasesere."

Nikacheka, naye akacheka, lakini usiku hatukulala vizuri, si yeye wala mimi. Jora lake lilikuwa chini ya ardhi na mume wangu. Nani alipaswa kumpa jingine kama si mimi?

Mwaka ambao tumbo la mama lilianza kujaa maji, na daktari wa wilaya akatuambia turudi naye nyumbani tumpe anachopenda kula, ndio mwaka huo huo serikali ililegeza. Ukiwa na kibali unapanda. Wakatuletea mbegu na afisa mmoja wa bondeni, Nopadon, mtu mpole wa miwani, viatu vyake vyeupe mpaka nikamwonea huruma kwa tope letu. Akasimama ukingoni mwa shamba kutufundisha kitu ambacho bibi zetu walizaliwa wanakijua.

"Dada Shoua, sikiliza vizuri," akaniambia. "Mmea huu ukiwa mchanga hauna neno. Ukali uko kwenye maua. Ua likichomoza tu, ukali ni kidogo. Likianza kunona, ukali unaongezeka, na kila juma unaongezeka zaidi. Mle ndani kuna vitu viwili, cha kutuliza na cha kulevya, kama mapacha. Vinakua pamoja. Sheria inamtazama yule wa kulevya peke yake. Akivuka kikomo, shamba lote linachomwa."

"Sisi tunakata kabla ya maua," nikamjibu. "Ukingoja maua, uzi unakuwa mgumu, unakukata vidole. Hatuhitaji sheria kutuambia."

"Basi mimi na wewe hatutagombana. Mvua zikianza kupungua nitakuja kupima. Napima kilichosimama. Kilichokwisha katwa si kazi yangu."

Rahisi kabisa, au siyo? Mtoto mdogo angeweza.

Shamba lilikubali. Jamani, lilikubali! Mama alikuwa akiketi kwenye kigoda mlangoni, tumbo limemtangulia, analiangalia kule ng'ambo ya mfereji. Kila siku alinituma nimletee jani alinuse. Majani ya chini yalipoanza kugeuka manjano akaniambia, "Mkwe, noa mapanga. Mwite Dao."

Dao ni wifi yangu, bintiye mama, ameolewa ukoo wa Thao kijiji cha pili. Akaja na panga lake na mdomo wake.

"Haya, wifi, mliniuza huko ili nipumzike, sasa mnaniita kazi ya bure," akasema kabla hata hajavua kandambili. "Mama, ukivaa nguo niliyokata mimi usiende kunisengenya kwa mababu."

"Nitakusengenya," mama akasema. "Nitaanzia na upishi wako."

Jioni ile tulikula mboga ya haradali na nyama ya nguruwe, mama akanywa supu bakuli zima. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha namna ile tangu Nhia aondoke. Kesho asubuhi tungekata.

Alfajiri tukasikia risasi tatu. Kwetu risasi tatu hazina maana nyingine ila kifo. Zilitoka nyumba ya juu, kwa Cher Pao, shemeji yake mama, mkubwa wa ukoo wetu wa Yang. Mzee alikuwa hana hata kikohozi. Amelala, hakuamka.

Nilikuwa nimeshika panga tayari. Mama alikuwa mlangoni kwenye kigoda chake.

"Weka chini," akasema.

"Mama, tukate kwanza. Kazi ya leo tu. Halafu tunakwenda huko juu msibani."

"Weka chini, Shoua. Mmea wa nguo ya maiti haukatwi wakati maiti ya ukoo imelala ndani. Mpaka azikwe, na mpaka roho yake iitwe nyumbani ilishwe na kuagwa. Ukikata leo unamkatia mwingine."

Dao akaingilia. "Mimi nikate basi. Mimi ni wa Thao sasa. Mwiko wa Yang unanihusu nini?"

"Shamba ni la Yang," mama akasema. "Mwiko unashika shamba, haukushiki wewe."

Mimi hasira zikanipanda. Nikamwambia kwamba kumzika Cher Pao kutachukua siku nyingi, wanawe wako mbali, siku njema ya kuzika itatafutwa, na kuiaga roho yake ni karibu wiki mbili tena baada ya hapo. Maua hayana msiba, hayatamngoja mtu. Afisa naye atakuja.

"Mvumilivu hula mbivu," mama akasema.

"Mama, hii ikiiva ndiyo imetuponza! Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Langu limeshaumia," akasema, akijipapasa. Kisha akanitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyazoea, akanishika mkono ulioshika panga. "Unajua kwa nini nakukataza? Mwaka ule, nyuma ya nyumba, nilikuwa na kijishamba cha siri. Mke wa Cher Pao akafa. Mimi nikasema, ah, kijishamba kidogo, nani ataona. Nikakata wakati ngoma inalia huko juu. Kabla mahindi hayajavunwa, Nhia akagongwa. Nyuzi zile nilizichoma kwa mkono huu. Unataka sasa nivae za namna hiyo? Safari hii atakufa nani? Wewe?"

Hakuwahi kuniambia. Miaka yote ile tunakula sahani moja, hakuwahi. Nilitaka kumwambia kuwa lori halijui mwiko, kwamba dereva alilala, basi. Lakini unamwambiaje mama aliyejishtaki peke yake muda wote huo? Nikaweka panga chini. Dao naye akaweka lake.

Filimbi za matete zikalia kwa Cher Pao, ngoma ikapigwa, wageni wakala nguruwe na ng'ombe. Mimi nilichota maji, nikapika, nikaosha masufuria, na kila asubuhi kabla watu hawajaamka nilishuka kwenda kuliangalia shamba. Madume ya mmea yakaanza kumwaga vumbi la maua. Majike yakachomoza nywele nyeupe vichwani. Nikaviomba vichwa vile visinenepe. Nani anaomba shamba lake lidumae? Mimi niliomba. Mvua ikanyesha vizuri, jua likawaka vizuri, vichwa vikanenepa. Nikivipapasa vidole vilinata, na harufu ikawa inafika hadi njiani.

"Wifi, ukipita pale na pua wazi utacheka mpaka kesho," Dao alisema. Alikuwa anajaribu tu. Hatukucheka.

Tukamzika Cher Pao. Tukaanza kungoja siku ya kuiaga roho. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu, mbili jamani, gari la Nopadon likapanda mlima.

Alikuja amefurahi, ametuletea machungwa. Alipovuka mfereji akasimama. Nilimwona mgongo wake ukilegea. Akavunja kichwa kimoja, akakisugua kwa vidole, akanusa, akanigeukia.

"Dada Shoua. Kwa nini hukukata?"

"Tulikuwa na msiba."

"Poleni. Lakini kukata ni kazi ya siku moja."

"Kwenu," nikasema.

Hakuniuliza zaidi. Alipita katikati ya shamba akichagua miche huku na kule, anakata vichwa na kuvitia kwenye mifuko, na mashina yasiyo na vichwa anayang'oa na kuyatupa njiani yasimchanganye. Akafunga utepe mwekundu ukingoni. Shamba likishapimwa haliguswi mpaka majibu, hiyo ndiyo sheria. Kwa hiyo hata siku ya roho kuagwa ilipofika na mwiko ukaisha, tulikaa na mapanga yetu tunalitazama. Mwiko wetu ulipotoka, mwiko wao ukaingia.

Aliporudi na majibu hakuleta machungwa. Nyuma yake walikuwepo wanaume wawili na madumu ya mafuta.

"Ulevi umevuka kikomo," akasema. "Umevuka kidogo sana, dada. Kama ungekuwa umekatwa juma moja tu mapema..."

"Usiniambie juma moja mapema!" Nilimpigia kelele, sikujali cheo chake. "Kwenye shina kuna nini? Niambie wewe uliyesoma. Kwenye shina kuna ulevi?"

"Hamna."

"Hamna kabisa?"

"Wa kuhesabika, hamna. Ni maua. Na majani machache yaliyo karibu na maua."

"Basi chomeni maua! Nitayakata mwenyewe, moja moja, mbele yako, nitayamwaga miguuni pako. Mtuachie mashina. Sisi maua tuyafanyie nini? Tunataka shina tu, la huyu bibi, azikwe nalo."

Akavua miwani akaifuta, na haikuwa na uchafu. "Sheria inasema shamba, Dada Shoua. Haisemi ua. Nimeuliza. Nilipiga simu mara mbili kuuliza."

"Basi liacheni lizeeke. Si kila kitu kikali kinachuja? Ulevi wake hauchuji?"

"Unachuja. Maua yakipitiliza, kile cha kulevya kinaanza kuvunjika, kinageuka kitu kingine, cha kusinziza tu. Lakini hautashuka mpaka chini ya kikomo. Na kipimo kinachohesabika ni cha siku ile."

Kumbe hata mmea una siku ya kuhukumiwa! Ukija mapema hauna hatia, ukichelewa sana unajichokea, lakini wetu ulikamatwa palepale katikati. Nikakaa chini kwenye tope. Sikulia. Nilihisi mikono haina kazi, kama si yangu.

Mama alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Dao, mwanangu, nenda njiani uniletee yale mashina aliyotupa huyu kijana juzi."

Dao akaenda akarudi na fungu dogo, haba, unaweza kulikumbatia kwa mkono mmoja. Akamwekea mama magotini. Mmoja wa wale wanaume wa madumu akaanza kusema kitu. Nopadon akamkatiza, "Mimi sioni kitu. Wewe unaona?" Akageuka akaangalia bonde muda mrefu mpaka mama alipoyafunika na kanga ya kubebea mtoto. Nilimchukia mtu yule, na kwa hilo peke yake nilimshukuru. Vyote viwili ninavyo mpaka leo.

Walichoma. Mbichi haishiki moto vizuri, walimwaga mafuta mara kwa mara, na moshi ukateremka mzito mpaka kwenye mabanda ya nguruwe. Mama hakuingia ndani. Alikaa analitazama jora lake likiteketea kabla halijawa jora.

"Sikukosea," aliniambia jioni. "Shoua, sema. Nilikosea?"

"Hukukosea, Mama."

"Ningekata, ungekufa wewe."

"Ndiyo, Mama."

Nilisema ndiyo kwa sababu alihitaji ndiyo. Moyoni nilikuwa namwuliza ana uhakika gani, na bado namwuliza.

Yale mashina machache tukayakausha juu ya moto, maana jua lilikuwa limeadimika. Alikataa nisaidie. Ganda la mmea uliotoa maua ni kama nilivyosema, gumu na kaidi. Lilimkata ukucha, likamchana vidole, na vidole vyenyewe vilikuwa vimevimba. Alichana, akaunga, akasokota kwenye paja, uzi ukitiwa doa la damu anausafisha kwa majivu. Uzi wa nguo haukutosha, hilo tulilijua tangu kwenye fungu. Labda viatu, akasema. Angalau apite mlima.

Kiatu cha kulia kilikamilika. Alikivaa, akasimama nacho akanishika bega, akasema kinabana kidogo lakini safari itakilegeza. Cha kushoto kilifika kisiginoni, uzi ukaisha.

"Mama, tumalizie na uzi wa sokoni," Dao akamwambia. "Chini ya nyayo, nani ataona?"

"Viwavi wataona," mama akasema. Akakifumua kile cha kushoto, uzi wake akautumia kukiongezea nguvu cha kulia. "Kimoja kizima ni afadhali kuliko viwili vibovu."

Alikufa baridi ilipoanza, wakati wa kuvuna mpunga. Tulimwosha mimi na Dao. Tukamvika kile kitambaa kinachoyeyuka, cha mwanasesere, maana hatukuwa na kingine na nguo ya maiti haiazimwi. Kila mama pale kijijini ana yake moja tu, sikuweza kumwomba mtu kaburi lake. Mguu wa kulia tukauvika kiatu. Wa kushoto nikaufunika na kona ya shuka, kisha nikaufunua tena. Nimfiche nani?

Akaja mzee wa kuimba njia. Ndiye anayemwongoza maiti kwa wimbo, kituo hadi kituo, kutoka mlangoni petu mpaka kwa mababu, kwa maneno ambayo hayabadilishwi hata herufi. Akaimba mto, akaimba daraja. Akafika kwenye mlima wa viwavi, akaimba: *Mama Blia, sasa umefika, inama uvae viatu vyako vya uzi, viwavi ni wengi, kanyaga upite.*

Nikamwona. Nawaambia nilimwona, ameinama pale njiani na tumbo lake, anapapasa kwenye nyasi.

"Kiatu," nikasema.

Mzee akaendelea.

"Kiatu! Sema kiatu, mzee! Ukisema viatu atakaa pale anatafuta cha pili!"

Ukoo wote ukanigeukia. Ngoma ikanyamaza. Dao akanishika mkono. Yule mzee alinitazama kwa huruma, kweli kabisa kwa huruma, akautazama mguu wa kushoto wa mama.

"Maneno si yangu, binti," akasema. "Nikiyageuza, njia yenyewe inapotea."

Akashika wimbo alipouachia. Akaimba tena, polepole, *inama uvae viatu vyako.*